Injini imenoki, gari liko kwenye wito wa kampuni: uzoefu wangu na karakana ya wakala

Mafundi wa karakana ya wakala (muuzaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji) niliyoitumia wanaijua kazi. Mapokezi yao ndiyo yenye shida. Naanza na hilo kwa sababu injini ikifa wakati gari liko kwenye wito wa kurejeshwa, yaani mtengenezaji ameyaita magari yenye kasoro yarudi kutengenezwa, anayeamua kama utalipa au hutalipa mara nyingi si fundi aliye chini ya gari. Kinachoamua ni maandishi ya kadi ya kazi, ile fomu ya karakana inayoeleza tatizo na kazi ya kufanywa, siku gari lilipopokelewa.

Tatizo lenyewe lilikuwa chembe za chuma zilizobaki kwenye njia za oili za kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) tangu kiwandani. Chembe hizo husafiri na oili hadi kwenye beringi za konrodi (vipande vyembamba vilivyo kati ya kranki na konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni), zinachimba uso wake, nafasi inapanuka, oili inavuja pembeni badala ya kubeba mzigo, na injini inaanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani. Si kasoro ngeni. Mwaka 2024 Toyota iliita takribani magari 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu ya mabaki ya uchongaji ndani ya injini. Mwaka 2025 General Motors iliita karibu magari 600,000 nchini humo yenye V8 ya lita 6.2, kwa kasoro za konrodi na kranki. Gari langu si la kampuni hizo, lakini ugonjwa ni wa ukoo huohuo.

Kabla ya kwenda kwa wakala, jua unadai nini. Mapokezi huchanganya vitu vitatu. Wito wa usalama ni kasoro ambayo mtengenezaji amekiri, na matengenezo yake ni bure hata kama wewe ni mmiliki wa tatu. Nyongeza ya waranti ni ahadi yenye ukomo wa miaka au kilomita, na ina masharti. Waraka wa kiufundi ni maelekezo kwa mafundi tu. Waranti ikiwa imeisha, unalipa mwenyewe. Nilipoambiwa gari "lina waraka", niliomba namba ya wito iandikwe kwenye kadi ya kazi, na mazungumzo yakabadilika hapohapo.

Wito hufuata namba ya chesisi, haufuati mwaka wa gari. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana, moja likiwa ndani na jingine nje, kwa sababu kinachohesabika ni kipindi ambacho injini ilitengenezwa. Ingiza herufi na tarakimu zote 17 kwenye tovuti ya mtengenezaji, na kumbuka namba hiyo haina I, O wala Q, kwa hiyo duara unaloliona ni sifuri. Gari lililoundwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi zaidi na halitaonekana kwenye mfumo wa Marekani. Litafutwe kwenye mfumo wa Japani. Hifadhi picha ya ukurasa wa majibu ikiwa na tarehe.

Kuhusu mlio, usikubali neno "kelele" peke yake kwenye kadi. Mlio wa konrodi hufuata kasi ya kranki. Wa tapeti, vipande vinavyosukuma vali, hufuata kemshafti (mhimili unaofungua vali), inayozunguka nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo unagonga kwa taratibu zaidi. Fundi akizima silinda moja moja kwa kompyuta, mlio wa konrodi hupungua anapoifikia silinda yenye beringi iliyoharibika. Hicho ni kipimo cha dakika chache na kinastahili kuandikwa: silinda ya ngapi, mlio ulibadilika vipi. Na ukishausikia mlio huo, gari lisiendeshwe tena, lije kwa gari la kuvuta. Konrodi ikikatika inaweza kutoboa bloku (mwili wa injini), oili humwagikia eksozi ya moto, na hapo unazungumzia moto badala ya beringi.

Siku ya kukabidhi gari ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kiwango cha oili kipimwe mbele yako, kipigwe picha, kiandikwe. Usipofanya hivyo, baadaye utaambiwa gari liliingia likiwa na oili pungufu, na huna cha kujibu. Kilomita ziandikwe. Misimbo yote ya hitilafu ichapishwe kabla mtu hajaifuta. Kisha soma sehemu ya ruhusa ya kufungua injini, maana ndipo gharama hujificha: karakana nyingi huandika kwamba dai likikataliwa, mwenye gari atalipa saa za kufungua. Kadi yangu ilikuwa na kifungu hicho kwa herufi ndogo kabisa na hakuna aliyekitaja. Nilidai kiandikwe upya kwamba wakala atanipigia kabla ya kufungua chochote nje ya utaratibu wa wito.

Halafu kuna ukaguzi wa awali. Wito wa injini mara nyingi haumaanishi kila gari linapewa injini mpya. Gari linapimwa kwanza. Likifaulu linapewa oili nzito zaidi au programu mpya, likishindwa ndipo injini inabadilishwa. GM, kwa mfano, magari yaliyofaulu yalipewa oili ya 0W-40 badala ya 0W-20, pamoja na filta mpya na kifuniko kipya cha kujazia oili. Kwa hiyo jibu la "limepita, bosi" halitoshi. Omba vipimo vyenyewe. Presha ya oili ipimwe kwa geji ya mkono, injini ikiwa ya moto na bila kukanyaga mafuta, kisha ilinganishwe na kiwango cha chini cha mtengenezaji. Filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe, ipigwe picha. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma. Za rangi ya shaba zinatoka ndani ya beringi, na maana yake uso wa juu umeshaisha. Wakala wangu alitaka kuitupa filta bila kuikata. Hilo kwangu ni kosa kubwa, kwa kuwa filta ni ushahidi wa bei rahisi kuliko wowote mwingine katika kazi hii.

Dai likitaka kukataliwa, sababu itakuwa ileile: hukubadilisha oili kwa wakati. Risiti husaidia ikiwa zina tarehe, kilomita, daraja la oili na namba ya filta. Risiti iliyoandikwa "sevisi" tu ni dhaifu. Ila ushahidi wenye nguvu uko ndani ya injini yenyewe. Injini iliyonyimwa oili safi huota tope jeusi chini ya kifuniko cha kemshafti na utando mgumu kwenye minyororo. Injini iliyokufa kwa chembe za kiwandani huwa safi juu na imeharibika chini. Kwangu, juu kulikuwa na rangi ya kahawia nyepesi tu. Beringi ya silinda ya tatu ilipotolewa, kile kipande cha juu cha nusu duara kilikuwa kimepoteza uso wa kijivu na shaba imetokeza, na mfereji mmoja mwembamba umechimbwa kukizunguka, ukiwa sambamba na tundu la oili la kranki. Utelekezaji hauchori hivyo. Picha hizo mbili, ya juu na ya chini, ndizo zilizomaliza ubishi na mtengenezaji. Zidai zipigwe kabla injini haijaondolewa karakanani, kwani sehemu za zamani hurudishwa kiwandani na huzioni tena.

Baada ya kibali, uliza unapewa nini. Bloku fupi huja na kranki, konrodi na pistoni, na silinda hedi yako ya zamani (sehemu ya juu ya injini yenye vali) inahamishiwa juu yake. Injini kamili huja na hedi yake. Bloku fupi si mbaya, ila inategemea usafi wa fundi, kwa sababu chembe zilizoua injini ya kwanza bado zimo ndani ya sehemu zinazohamishwa. Kipoza oili kibadilishwe; njia zake ni nyembamba na hakuna namna ya kuaminika ya kukisafisha. Pampu ya oili na chujio lake la kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) vibadilishwe. Bomba la oili la turbo na vichujio vidogo vya solenoidi za kemshafti (vali za umeme zinazoongoza oili) navyo visisahaulike, kwani vikiziba turbo hufa mapema au gari likawasha taa ya injini. Bolti za hedi zinazokazwa kwa pembe mara nyingi hazirudiwi mara ya pili. Orodha ya kwanza ya wakala wangu haikuwa na kipoza oili; msimamizi wa mafundi alikubali kukiongeza nilipoomba sababu ya kukiacha iandikwe. Nampa heshima kwa hilo, alisikiliza hoja.

Injini mpya isiwashwe ikiwa kavu. Stata izungushwe bila mafuta ya petroli hadi presha ya oili ipande, ndipo iwashwe. Hewa itolewe kwenye mfumo wa maji, maana hewa iliyonaswa kwenye hedi inaweza kuunguza gasketi wiki ya kwanza. Kazi hii waliifanya vizuri, na gari lilirudi bila kuvuja mahali popote.

Walichoshindwa ni mawasiliano. Kazi ya wito hulipwa na mtengenezaji kwa saa zilizopangwa, na mara nyingi ni chache kuliko zile anazolipa mteja wa kawaida, hivyo gari la wito husogezwa nyuma ya foleni. Dawa ni kufungua jalada moja kwa moja kwa huduma ya wateja ya mtengenezaji, kupata namba ya jalada, na kuiweka kwenye kila ujumbe unaomtumia wakala. Simu zao zilianza kuja zenyewe baada ya hapo. Gari la kutumia wakati unasubiri pia huidhinishwa huko, mapokezi hawana mamlaka nalo.

Unapochukua gari, chukua barua yenye namba mpya ya injini, kwa sababu haitalingana na kadi ya usajili, na bila barua hiyo utapata shida siku ya kuuza au kukagua gari. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo badilisha kasi mara kwa mara, usikanyage mafuta hadi chini, na pima oili kila unapojaza petroli. Kisha mwaga oili hiyo mapema, kati ya kilomita 1,000 na 1,500, kwa gharama yako ikibidi, na ukate filta. Chembe chache laini za kijivu ni za kawaida kwa injini mpya. Ukiona shaba, rudi na filta hiyo mkononi wakati waranti ya matengenezo bado iko hai.