Zawadi za Krismasi kwa watoto wadogo: kipi ununue Mwanjelwa na kipi ukiache mezani

Krismasi ya Nyanda za Juu Kusini huangukia katikati ya mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Mbeya, Njombe na Iringa kunanyesha, ua unageuka tope, na mtoto wa miaka miwili hadi sita anashinda sebuleni. Kitu cha kuchezea cha huku kina mitihani miwili: kisimchoshe mtoto ndani ya nyumba, na kisife siku kitakapoangukia matopeni. Vingi vinavyopangwa kwenye maturubai ya masoko ya Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya, mwezi Desemba vinafeli yote miwili. Vinavyofaulu vipo, na mara nyingi si vile vyenye boksi kubwa.

Tunachokipa alama za juu kuliko vyote hakimo hata kwenye meza za midoli: ni gambuti. Mtoto mwenye gambuti anatoka nje mvua ikikatika, anakanyaga madimbwi, anarudi na miguu mikavu. Usinunue kwa kukisia umri. Msimamishe juu ya karatasi akiwa na soksi nene, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, kisha kata kijiti kilichozidi urefu huo kwa sentimita 1 hadi 1.5 uende nacho sokoni. Kijiti kiingie kikilala sakafuni mwa gambuti, bila kubanwa na bila kucheza. Ikizidi, mguu unaelea ndani na mtoto anajikwaa; ikipungua, haifiki Pasaka. Kunja shingo ya gambuti kwa vidole: ukiona mstari mweupe, mpira umeshakauka na utapasuka hapo hapo.

Tena gambuti hiyo hiyo inafanya kazi ya ile soksi ya Krismasi ya kujazwa vizawadi. Inasimama yenyewe kando ya kitanda, na baada ya sikukuu inaendelea kuvaliwa.

Magari. La kusukuma kwa mkono, au lile la kuvuta nyuma na kuachia, linalishinda la betri kwa mbali. Maji yakiingia kwenye la betri, springi za ndani zinashika kutu na gari linanyamaza. Kabla ya kulipa, shika gurudumu ulivute kwa nguvu za mtu mzima. Likichomoka na kuacha ncha ya chuma, lirudishe. Gari la rimoti tunalishauri kwa aliyetimiza miaka mitano au sita, kwa sababu mdogo zaidi bado anachanganya kushoto na kulia gari linapomjia usoni. Kama unanunulia mapacha, yawashe yote mawili hapo mezani kwa wakati mmoja. Magari ya bei nafuu ya aina moja mara nyingi hutumia masafa yale yale, na rimoti moja itayaendesha yote. Ugomvi wake hauishi.

Hapa kuna jambo ambalo hatulegezi: betri za saa, zile bapa kama sarafu. Zimo ndani ya simu za bandia, kadi za muziki, midoli inayolia na vitu vya kuwakawaka. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata kama betri ilishaisha nguvu. Usimtapishe, kimbia hospitali. Kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu inayohitaji bisibisi. Kinachofunguka kwa ukucha kiache, hata mtoto akililia. Sumaku ndogo ni vivyo hivyo: mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Vipimo vya vitu vingine ni rahisi. Beba kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni; chochote kinachopenya humo si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Maputo nayo, hasa vipande vya lililopasuka, yasiachwe mikononi mwa wadogo.

Kwa siku za kukaa ndani, tunapenda sana herufi za plastiki au za mbao, lakini pakiti zake zimepangwa kwa Kiingereza: herufi 26, kila moja mara moja. Kwa Kiswahili hazitoshi, kwa kuwa huwezi kuandika "mama", "baba" wala "bibi". Nunua pakiti mbili za aina moja na neno la kwanza la mtoto litaandikika siku hiyo hiyo. Q na X zitabaki bila kazi. A ndiyo itakayoisha mapema, na "Tanzania" itahitaji pakiti ya tatu. Zile za kubandika kwenye friji zikague nyuma: sumaku iwe imezamishwa ndani ya plastiki, isiwe imegandishwa kwa gundi juu.

Rangi za kuchorea zijaribu kwenye karatasi kabla ya kulipa. Za nta zilizo duni ni ngumu kama mshumaa na haziachi rangi. Wa miaka miwili apewe nene, maana nyembamba anazivunja. Penseli za rangi zitazame kwa mbele: risasi ikiwa imekaa pembeni badala ya katikati, itakatika kila ikichongwa.

Mpira: chukua namba 3, wenye mzunguko wa takribani sentimita 60. Namba 5 ni wa wakubwa. Ule wa plastiki nyembamba hauwezi ua wa michongoma, siku ya kwanza tu umekwisha. Ule wa kushona unadumu zaidi, ila huharibiwa na sindano kavu ya pampu inayochana valvu. Ilowanishe kwanza, na acha kujaza pale kidole gumba kinapobonyea kidogo.

Mdoli wa kitambaa, macho yawe yameshonwa kwa uzi. Macho ya vifungo yavute uone kama yanachomoka. Ukiwa na shaka na rangi ya mbao au plastiki, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowanishwa. Ikitoka kwenye kitambaa itatoka na mdomoni.

Walio Iringa wana bahati nyingine. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, huajiri mafundi wenye ulemavu, na kati ya kazi zao zipo za kufuma, za kushona na karatasi za kinyesi cha tembo. Karatasi hiyo mtoto wa miaka mitano ataipenda kwa habari yake peke yake. Vikapu vya milulu, aina ya nyasi ndefu, vinavyosukwa na akina mama wa Kihehe navyo tunavipendekeza: kidogo kimoja kinatunza herufi na rangi zote pamoja. Kikilowa kikaushe kivulini penye upepo, la sivyo kinaota ukungu kwa unyevu wa Januari.

Kujaza gambuti: chini kabisa weka soksi mpya zilizokunjwa, maana ncha ya ndani haijazwi vizuri na kitu kingine. Juu yake gari dogo, kisha rangi, kisha kitabu cha picha kilichoviringishwa, na mwisho kabisa embe au ndizi. Kwa wa chini ya miaka minne usitie karanga, bisi wala pipi ngumu, kwa kuwa hukaba. Vifuko vya plastiki vya vifungashio viondoe usiku ule ule kabla mtoto hajaamka, na bisibisi ya vifuniko vya betri iwe karibu.