"Mama yake yuko wapi?" Usiku wangu na binti kituo cha afya hapa Dodoma

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Jina la kituo silitaji, maana kuna mtu mmoja mle ndani namheshimu na sitaki achafuke kwa ajili ya wenzake. Ni kituo binafsi, kiko wazi usiku kucha, kisafi, lipa namba imebandikwa kila ukuta. Nyota moja. Someni kwanza, huenda nikaongeza.

Ilikuwa msimu wa zabibu, jioni, mama watoto yuko Singida kikazi. Nasonga ugali, binti yangu wa miaka minne yuko mlangoni anajikuna shingo. Nikajua mbu. Kumgeukia tena, mabaka mekundu yameshapanda mpaka mashavuni na mdomo wa juu umefura hadi umepinduka nje. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, akaniambia, "Baba, koo linaniwasha." Sauti imekwaruza, si yake. Nikazima jiko, nikambeba, bajaji ya jirani ikatufikisha.

Sasa tufike mapokezi. Nesi akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja. "Mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia amesafiri.

"Sasa nani anajua mtoto amekula nini?"

Mimi, dada. Nimepika mimi, nimemlisha mimi, nimeshinda naye mimi. Akamgeukia mwenzake wakacheka. "Ee, siku hizi akina baba wanapika! Haya baba, mpigie mama yake tuongee naye."

Mtoto anahema kwa kukoroma mkononi mwangu, mimi natafuta namba kwenye simu. Naomba mlielewe hilo, kwa sababu hapo ndipo roho yangu ilipokwama na haijatoka. Sikugomea kufungua faili. Sikugomea kulipa kwanza. Nilikuwa na majibu yote mdomoni, na aliyeyahitaji hakuyataka kwa sababu yalitoka kwa mwanamume.

Mama watoto akapokea, nesi akaweka sauti kubwa. "Mama, mtoto amekula nini leo?" Mke wangu akajibu, na namnukuu kwa fahari: "Muulizeni baba yake, mimi niko Singida tangu wiki iliyopita." Mngedhani yameisha. Nesi: "Sawa mama, lakini kwa kawaida anakulaga nini?"

Nadhani dokta alisikia ule mkoromo kutoka chumba cha ndani. Mzee wa makamo, kandambili miguuni, akatoka, akamwinua mtoto kidevu mara moja tu. "Leteni huyu huku, faili litafuata." Sindano ya adrenalini ikachomwa pajani, kwa nje, kwenye msuli. Akambana kidole na kile kidude cha kupima oksijeni, akawa anakitazama huku ananihoji. Baada ya dakika chache ule mkwaruzo ukaanza kulegea. Mtoto akalia kwa sauti yake mwenyewe, kali, ya kudai maji. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Na maswali yake sasa! Hakuuliza uji wa asubuhi. Aliuliza saa mbili za mwisho tu, kwa sababu mzio (aleji) wa chakula mara nyingi hujitokeza ndani ya muda huo, tena mara nyingi ndani ya dakika chache. Nikamtajia yote: zabibu nilizonunua kwa machinga, nikaziosha, ubuyu mwekundu aliopewa na watoto wa jirani, mlenda wa karanga niliomwonjesha kiganjani. Akauliza kama kuna nyuki au siafu, kama kuna dawa yoyote amemeza, kama tumebadilisha sabuni. Hapana, hapana, hapana. Nikamwambia karanga amezila tangu anaanza uji wa lishe. Akasema hilo halizitoi karanga kwenye orodha, mwili unaweza kukizoea kitu kwa muda mrefu kisha siku moja ukakikataa. Wala rangi ya ubuyu haitoki, wala zabibu hazitoki. Kwa kifupi hakujua, na alisema hajui. Kwa hilo peke yake nampa nyota nne.

Akatulaza mpaka asubuhi. Alieleza kwamba mzio mkali unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia, hata kama mtoto hajaonja kitu kingine, kwa hiyo mtu akikuruhusu nyumbani baada ya nusu saa usikubali. Vizuri. Ila usiku wa manane yule nesi akanijia: wodi ya watoto wanalala akina mama, baba hawezi kukaa, hakuna bibi wa kuja? Bibi yuko Mpwapwa! Nikakaa korido kwenye kiti cha plastiki, kila nikisikia kikohozi nachungulia mlangoni. Kuhusu akina mama wengine kutaka faragha, naelewa, sina ugomvi nao. Lakini pazia je? Hata shuka la kutundika?

Asubuhi nikapewa setirizini, dawa ya maji ya kutuliza mzio, na karatasi ya kuruhusiwa, imeandikwa na nesi, herufi nzuri kabisa: "Aepuke kisababishi." Nikauliza, kisababishi gani? Akajibu bila kuinua uso, "Mama yake akirudi mtajua."

Mtaani nako kila mtu dokta. Mmoja anasema ni dawa wanazopulizia mashamba ya zabibu. Mwingine sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ya kwenye karanga, na hapa Dodoma ukitaja sumukuvu watu wanasikiliza, maana 2016 iliua watu huku na Manyara kupitia mahindi. Nilimpelekea dokta hilo nilipomrudisha mtoto. Akasema sumukuvu hushambulia ini, macho huwa ya njano, tumbo hujaa, haimfuri mtu midomo jioni na kumwachia asubuhi. Akaniambia niwe na daftari, kila anachokula niandike na saa yake, na karanga, ubuyu wa rangi na zabibu visimame kwanza, virudishwe kimoja kimoja kwa ruhusa yake, tena palepale kituoni, si nyumbani. Nikitaka kipimo cha mzio cha kwenye ngozi, ile setirizini iachwe siku kadhaa kabla, la sivyo majibu yatadanganya. Na anayeandika hilo daftari ni mimi.

Juzi kati kituo kikapiga simu kukumbusha tarehe ya kurudi. Kwenye faili niliandika namba yangu. Wakampigia mama yake.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza na moja, na nikiikumbuka ile korido natamani kuweka sifuri. Lakini mtoto wangu anakimbia hapa nje na aliyemwokoa yuko kwenye jengo lile lile, na kwa usiku kituo kilicho karibu nasi ni hicho. Basi mbili. Tatu, haya, tatu, na mbili kati ya hizo ni za yule mzee. Ukienda usiku na mtoto aliyevimba, usisimame dirishani, pita moja kwa moja ukamuulize yeye. Akiwa hayuko zamu, mwambie wa bajaji asizime injini, muende hospitali ya General.