Skani hapo ukutani, mzee

Hasira hii nimeikalia siku kadhaa nikitegemea itapoa, nayo imegoma. Basi naandika ikiwa moto vilevile.

Nilimsindikiza baba hospitali. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho na la pili limeanza, kwa hiyo siku hizi hatoki bila mkono wa mtu. Tulifika mapema, watu wakiwa bado wachache. Kwenye meza ya mapokezi alikaa kijana, macho kwenye kompyuta. Baba ndiye aliyeanza kumsalimu, jambo ambalo lenyewe tayari lilikuwa limepinduka. Kijana hakuitikia. Alinyoosha kidole tu, nyuma ya migongo yetu: "Skani hapo ukutani, mzee. Jaza taarifa zako, utapata namba."

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake ya vitufe, akaisogeza karibu na uso. Akaigeuza nyuma, akaipapasa kwa kidole gumba akitafuta kamera isiyokuwepo. Halafu akairudisha mfukoni polepole bila kusema neno. Mzee huyu amejenga nyumba kwa mikono yake na kusomesha watoto wote. Sikuwahi kumwona akiona haya mbele ya kifaa. Siku ile nilimwona.

Nikatoa yangu. Msimbo wa QR, ile miraba midogo ambayo kamera ya simu huisoma na kukufungulia ukurasa, ulikuwa umechapwa kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki ya kung'aa na kubandikwa juu ya safu ya viti, na taa ya dari ilikuwa imejichora katikati yake kama jua. Nikasogea mbele. Nikarudi nyuma. Nikainamisha simu upande, nikapanda nusu juu ya kiti cha watu. Kamera inatafuta, inapata, inapoteza. Picha inakuwa safi kwa kupepesa jicho, kisha ukungu. Mama mmoja nyuma yangu akanishauri, kwa nia njema kabisa, niwashe tochi. Nikawasha. Sasa yakawa majua mawili.

Nikarudi mezani. "Kaka, samahani, msimbo wenu hausomeki."

"Unasomeka. Wenzako wote wanaskani." Hakuinua uso. "Simu yako ndiyo mbovu."

Simu yako ndiyo mbovu! Maneno manne. Nimeyarudia kichwani nikipika, nikioga, nikiwa kitandani gizani. Maana mimi ninachapa misimbo hiyo. Ndiyo kazi yangu: kadi za mialiko, mabango, vibandiko vya bidhaa. Nimeshachapa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na kila mmoja naujaribu kwa simu tatu tofauti kabla haujatoka mlangoni kwangu. Kuambiwa na mtu asiyetaka hata kunitazama kwamba kasoro ni yangu, mbele ya baba yangu, ndiko kulikonifanya niandike.

Nikauliza: kama hausomeki, nipe anwani ya huo ukurasa niiandike mwenyewe. Hajui. Iko wapi fomu ya karatasi? "Karatasi tuliacha." Kuna mtu mwingine wa kumuuliza? Akanyoosha kidole ukutani tena.

Mtu mmoja pembeni akasema nipakue programu ya kuskani, yeye anayo na inafanya kazi vizuri. Kwa kuchanganyikiwa nikapakua ya kwanza iliyotokea, na hapa lazima niseme kitu juu ya programu hizi kwa ujumla, maana zinastahili. Ilitaka kujua nilipo. Ikataka kusoma majina na namba za watu niliohifadhi. Za nini? Kusoma miraba ukutani kunahitaji kamera, basi. Nilipokataa, likaja tangazo lililojaza skrini nzima, likafuatiwa na jingine, kisha ukurasa wa kunipa "siku za bure" ambazo zikiisha naanza kukatwa malipo kila wiki, na alama ya kufungia ikiwa ndogo na ya kijivu pembeni huko, kwa makusudi, ili kidole kikose. Na msimbo haikuusoma. Niliifuta palepale. Nawaomba ndugu zangu: simu za iPhone zinasoma misimbo kwa kamera yake yenyewe tangu 2017, toleo la 11 la mfumo wake lilipotoka, na simu nyingi za Android za sasa hivyo hivyo. Jaribuni kwanza kamera mliyo nayo. Zaidi ya hapo mnajitafutia mzigo.

Basi nikaacha kuhangaika na simu, nikaenda kusimama mbele ya ile karatasi na kuitazama kama ninavyotazama kazi ya mwanafunzi wangu.

Kwanza, rangi. Mtu alikuwa amechapa miraba myeupe juu ya samawati iliyokolea, ifanane na rangi za hospitali. Msimbo kwa asili yake ni giza juu ya mwanga. Ukiugeuza, zipo simu zinazougeuza zenyewe na kuusoma, na zipo zinazoutazama zisione kitu. Pili, kati yake iliwekwa nembo kubwa kama sahani. Tatu, urembo: ua la pambo lilikuwa limetambaa kutoka ukingoni mwa karatasi na kuingia ndani ya kona moja.

Kona! Hapo nilitaka kulia. Ile miraba mitatu mikubwa kwenye kona ndiyo roho ya kitu kizima. Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave huko Japani, walipotengeneza msimbo huu mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, walipekua vipeperushi, magazeti na maboksi wakitafuta mpangilio wa nyeusi na nyeupe ambao hauonekani sana kwenye kitu chochote kilichochapwa. Wakaupata: moja, moja, tatu, moja, moja. Pima mstari katikati ya mraba wa kona kwa pembe yoyote, utakutana na nyeusi, nyeupe, nyeusi nene mara tatu, nyeupe, nyeusi. Kwa alama hiyo mashine inajua "huu hapa", na inajua upande upi ni juu hata ukiinamisha mkono. Watu wametumia akili zao kiasi hicho ili jicho la mashine lisihangaike, halafu mtu anakuja kuchora ua juu yake.

Najua atakayenijibu: mbona msimbo unajirekebisha ukiharibika? Unajirekebisha, kweli, na ni jambo zuri ajabu. Kuna viwango vinne vya urekebishaji. Cha chini kinavumilia uharibifu wa kama asilimia 7, cha juu kama asilimia 30. Lakini anayechagua kiwango ni mtengenezaji, na akiacha cha chini kisha akaweka nembo kama sahani, ameshakula akiba yote kabla mvua, mkwaruzo au mng'ao haujaja. Na urekebishaji huo unalinda maandishi yaliyofichwa ndani. Kona hauzilindi. Kona ikiharibika, simu inaweza isijue hata kwamba mbele yake kuna msimbo.

Hapa hasira yangu inayumba kidogo, na lazima niseme ukweli. Nikiwa pale, dada mmoja mwenye simu mpya alisimama mita mbili nyuma, akainua mkono, ikalia, akaondoka. Kumbe kijana hakusema uongo. Wenzangu walikuwa wanaskani. Yule dada simu yake inajua kugeuza rangi, na kamera yake ina nguvu ya kukwepa mng'ao. Kwa dakika moja hivi nilimwonea huruma yule kijana: si yeye aliyechapa, si yeye aliyebandika, ameambiwa karatasi zimeachwa, na siku nzima watu kama mimi wanamjia na simu mikononi. Labda ningekuwa yeye nami ningechoka kuinua uso.

Labda. Lakini salamu ya mzee inaitikiwa, hata ukiwa umechoka.

Nilichofanya mwishowe ni hiki, na nakieleza maana kinaweza kumsaidia mwingine. Nilisimama pembeni kabisa, karibu niguse ukuta, mpaka taa ikaondoka juu ya msimbo, nikapiga picha ya kawaida. Nikaifungua kwenye uhariri wa picha, nikageuza rangi, nyeupe ikawa nyeusi. Nikakata kingo na kuuacha msimbo umezungukwa na nafasi tupu, kwa sababu msimbo unahitaji pumzi pande zote, upana wa miraba midogo minne. Halafu nikaiambia simu isome kutoka kwenye picha badala ya kamera. Nilikuwa naiogopea ile kona yenye ua, lakini pambo lilikuwa limekula kipande tu.

Ikafunguka. Papo hapo!

Nawaambieni, nilisahau kijana, nilisahau foleni. Nilifurahi kama mara ya kwanza nilipouona ukifanya kazi. Karatasi bubu, miraba isiyosomeka kwa jicho la binadamu, inafungua mlango mahali fulani mbali kabisa kwa kuitazama tu. Na waliouvumbua walikuwa na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine, lakini hawakumbana yeyote kwa kuutumia. Ndiyo maana mimi na mashine yangu moja ya kuchapa tunaweza kula kupitia kitu hiki. Wakati ule ningetoa nyota tano, na ningezitoa kwa moyo mweupe.

Kisha fomu ikafunguka yote. Ilitaka anwani ya barua pepe, na bila hiyo haiendi mbele. Baba hana. Nikaweka yangu. Ikataka namba ya simu, ikatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu ya vitufe, baba akaitoa tena mfukoni, nikamsomea kwa sababu maandishi haoni. Ikauliza maswali ambayo sikutaka kumuuliza baba yangu kwa sauti mbele ya watu, na ilinibidi nimuulize, kwa kunong'ona sikioni, naye akajibu huku anatazama sakafu. Namba ikaja: tulikuwa wa 31. Tulipoingia mlangoni walikuwepo watu wasiozidi wanane.

Na jambo moja ambalo hospitali, kati ya sehemu zote, ingepaswa kuliogopa: chini ya ule msimbo hapakuandikwa chochote. Wala anwani, wala jina la ukurasa. Mapema mwaka 2022 polisi wa Austin, Texas, huko Marekani, walitoa onyo baada ya kukuta vibandiko vya QR vya kitapeli kwenye mashine za kulipia maegesho. Watu walikuwa wanaskani na kupelekwa kwenye ukurasa wa wezi. Jicho halisomi miraba. Mtu akibandika wake juu ya wenu usiku, mgonjwa atajuaje? Anwani ikiwa imeandikwa chini, angalau anailinganisha na ile inayotokea kwenye simu kabla hajaibonyeza. Na simu ikigoma, anaiandika kwa mkono. Mstari mmoja tu wa herufi.

Tulisubiri. Namba 31 ilipoitwa, nesi alimshika baba mkono, akamkalisha, akamwambia, "Shikamoo, baba. Pole na macho." Ilinibidi nigeukie dirishani kidogo. Kisha akavuta daftari kubwa lenye mistari, akafungua kalamu. "Jina lako kamili nani, baba? Umri? Namba ya simu?" Akaandika yote upya kwa mkono, moja baada ya jingine, yale yale niliyoyajaza kwa zaidi ya nusu saa nimesimama.

Nikamuuliza kwa upole ile fomu ya ukutani inakwenda wapi. Akasema hajui, kwao haifiki, wanachokiona ni namba tu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza kuandika nikiwa na moja kichwani. Katikati nikapanda hadi nne, kwa ajili ya msimbo wenyewe, maana hauna kosa lolote katika haya. Sasa nimemkumbuka tena baba akiipapasa simu yake, na nimeshuka. Kwa msimbo natoa tano na sibadilishi. Kwa huduma ile natoa moja, na hiyo moja ni ya nesi.

Juzi usiku nilibaki kazini nikachapa mpya. Nyeusi juu ya nyeupe, karatasi isiyong'aa, hakuna nembo katikati, kiwango cha juu cha urekebishaji, nafasi tupu pande zote. Upana sentimita 25, kwa sababu sisi wachapaji tunakadiria sehemu moja ya upana kwa kila sehemu kumi za umbali, na yule anayekaa viti vya mbali asilazimike kupanda juu ya kiti. Anwani ya ukurasa nimeiandika chini yake kwa herufi kubwa. Nimeujaribu kwa simu tatu, pamoja na hii yangu "mbovu". Zote zimesoma kabla sijamaliza kuinua mkono.

Na chini ya anwani nimeongeza mstari mmoja ambao hawakuniomba: "Asiye na simu, aombe namba mezani."

Baba anarudi kliniki wiki ijayo. Nitaubeba mkononi, pamoja na gundi.