New York hadi Singapore: tiketi ipi ununue?

Kati ya New York na Singapore kuna kilomita zipatazo 15,340 kwa njia ya anga. Miji hii imekaa pande mbili za dunia zinazokabiliana, hata njia fupi kuliko zote inapita jirani na Ncha ya Kaskazini. Kwa mnunuzi hii ni habari njema, maana kutua njiani hakurefushi safari kama wengi wanavyodhani. Ukipitia Hong Kong unaongeza kilomita 200 na kidogo tu. Tokyo inaongeza 800 na ushee, Frankfurt 1,100 hivi, Dubai au Doha 1,500 na zaidi. Kinachokula muda ni kukaa uwanjani ukisubiri ndege ya pili.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa tiketi moja yenye kituo kimoja, Hong Kong au Tokyo, na kusubiri kwa saa mbili hadi nne. Begi unalikabidhi New York na kulipokea Singapore, na ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Kwa Tokyo, soma tiketi kwa makini: HND ni Haneda, NRT ni Narita, na kati ya viwanja hivyo ni zaidi ya kilomita 60. Tiketi inayokushusha kimoja na kukupandisha kingine iache, hata iwe rahisi vipi.

Ya pili ni ndege isiyotua kabisa, ya Singapore Airlines. Ilianza 2004, ikasimamishwa 2013, ikarudi Oktoba 2018 kwa Airbus A350-900ULR. Humo mna viti 161 tu: 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati. Daraja la kawaida halimo, kwa hiyo usihangaike kutafuta nauli ya chini. Ni saa 18 na dakika zake angani. Kama nauli inalipwa na mwajiri na una kikao asubuhi ya kufika, hii ndiyo yako, tena ingekuwa ya kwanza. Kwa anayejilipia, naona fedha nyingi zinaokoa saa chache.

Dubai na Doha naziweka nafasi ya tatu. Zina faida yake kwa mwenye mgongo mbovu: ngwe ya kwanza saa 12 au 13, ya pili saba au nane, na katikati unanyoosha miguu. Hong Kong inakukalisha kama saa 16 kwa mkupuo mmoja.

Ya mwisho ni tiketi mbili ulizojiunganishia mwenyewe. Ukiikosa ndege ya pili, hasara ni yako. Huenda pia ukalazimika kuchukua begi, kupita uhamiaji wa nchi ya kati, na kuhitaji viza yake.

Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya kufika. Singapore iko mbele kwa saa 12 New York ikiwa kwenye saa za kiangazi, na 13 wakati wa baridi. Ukiondoka Jumatatu saa nne usiku kwa ndege isiyotua, unafika Jumatano alfajiri. Chumba cha hoteli kikodi kuanzia usiku wa Jumanne, la sivyo utakaa mapokezi na mabegi yako hadi alasiri.