Ubao Mama wa Kuongezea Prosesa Kasi: Ununue Upi Nairobi?

Ukitaka kuongeza kasi ya prosesa (overclocking), yaani kuikimbiza kuliko ilivyowekwa kiwandani, anza na prosesa, ndipo uende kwenye ubao. Luthuli Avenue utaonyeshwa mbao zenye taa za kila rangi, na taa haziongezi hata megahezi moja. Tazama mambo mawili: chipuseti (chipu za ubao zinazoamua unaruhusu nini, na ndizo huupa jina kama B650) inayoruhusu kuongeza kasi, na VRM, yaani ile sehemu inayopokea voliti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi voliti moja na ushei ambazo prosesa inahitaji. Kasi ikipanda, VRM hubeba mkondo mkubwa zaidi wa umeme na kuchemka. Ikizidiwa, prosesa hupunguziwa kasi na jasho lako limekwenda bure. Kagua kando ya soketi, pale prosesa inapokaa. Usipoona vipande vizito vya alumini vya kupoza, rudisha ubao huo kwenye boksi.

Chaguo langu la kwanza ni B650 ya soketi AM5 ya AMD. Karibu Ryzen zote (prosesa za AMD) za AM5 ziko wazi kuongezwa kasi, na B650 inaruhusu hilo sawasawa na X670 iliyo ghali. AMD imeahidi kuitunza AM5 hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo kesho utabadilisha prosesa peke yake. AM5 hutumia RAM za DDR5 tu, pangia bajeti.

La pili ni B550, ya AMD pia. Mwenye Ryzen 5 5600 na RAM za DDR4 hana haja ya kuhama.

La tatu ni Z790, kwa Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zenye herufi K. Hapa ndipo wengi hulia: B760 huongeza kasi ya RAM lakini si ya prosesa, na H610 haiongezi chochote. Vilevile, Z790 haitaifungua i5-12400, kwa kuwa haina K. Uliza pia kama ni ya DDR4 au DDR5, maana zipo za aina zote mbili. Core i9 za kizazi cha 13 na 14 mimi sizinunui zikiwa zimetumika. Intel ilitoa marekebisho ya voliti mwaka 2024, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

X870E (ya AMD) na Z890 (ya Intel) ni nzuri kweli, ila kwa wengi wetu tofauti ya bei ingenunua kipozeo bora. A620 na A520 za AMD ziache. Haziongezi kasi ya prosesa.

Na wenye kompyuta za ofisi za OptiPlex (Dell) au EliteDesk (HP) za ex-UK, BIOS zake (programu ya ubao inayowasha kompyuta) zimefungwa, haziruhusu kuongeza kasi. Ubao wake mara nyingi una umbo na plagi za umeme za kipekee, hivyo kubadilisha ubao ni kubadilisha kasha na pawa saplai pia.

Ukichukua B650 kwa ajili ya Ryzen 9000, mwambie muuzaji akuonyeshe toleo la BIOS kabla hujalipa. Likiwa la zamani, kompyuta huenda isiwake, isipokuwa ubao una kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa.