Arboretum ya Nairobi: nyota nne kwa anayetaka kuona misimu

Watu wa Nairobi husema mji wetu una misimu miwili tu: wa jam, na wa jam yenye mvua. Anayeniambia hivyo mimi humwelekeza Arboretum, bustani ya miti iliyo jirani na Ikulu, kwa sharti moja. Asiende mara moja, akapiga picha, akadhani ameshapaona. Achague mti mmoja aurudie mwezi baada ya mwezi.

Bustani yenyewe ni kama hekta 30. Miti ilianza kupandwa mwaka 1907, serikali ya kikoloni ikitafuta aina zitakazokua upesi zipate kuwa kuni za garimoshi. Leo kuna aina zaidi ya 350. Nyingine za kwetu, nyingine za Australia na Amerika Kusini, na kila moja ina ratiba yake. Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki hata kwa robo saa mwaka mzima, kwa hivyo jua haliupi mti habari nyingi. Miti mingi hufuata mvua, na mvua zetu ni mbili, masika na vuli.

Oktoba watu humiminika kwa ajili ya jakaranda. Maua yanapendeza, sibishi, lakini zambarau hiyo utaiona bure kandokando ya barabara nusu ya jiji.

Mti wangu mimi ni mukinduri. Kiangazi cha Januari na Februari majani yake hulegea, upande wa chini wenye rangi ya fedha ukajitokeza, na upepo ukipita mti mzima unameta. Baadhi ya majani hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Masika yakishika, utafikiri mti umebadilishwa usiku: mikufu myembamba ya maua ya manjano hafifu inaning'inia kila tawi, nyuki wamejaa tele. Maua hayo hayakai. Ukisema utakuja wikendi ijayo, huenda ukakuta yamepukutika chini kama unga. Miezi kadhaa baadaye njugu zake ngumu huanza kudondoka, na kuchakura kokote utakakosikia vichakani ni kindi anazitafuta.

Julai wengi hupakimbia. Mawingu hukaa hadi alasiri na baridi ni ya sweta mbili. Mimi huupenda mwezi huo kwa sababu njia ziko tupu na ndege hawaogopi sana. Baridi ikianza kuachilia, tafuta muhuti: huvua majani yote, kisha huchanua maua mekundu kwenye matawi matupu, na ndege aina ya chozi hugombana juu yake kutwa nzima.

Kwa wapenda ndege, miezi mizuri ni Oktoba hadi Aprili, mbayuwayu wanapokuwa wamehamia huku kukwepa baridi ya Ulaya. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, subiri kumbikumbi. Wakitoka ardhini, kila kiumbe hapo ndani huacha shughuli zake. Ndege, tumbili, hata watoto wa watu, wote wanakimbizana na mbawa.

Sasa kero. Tumbili na kima wa hapo wamezoea binadamu kupita kiasi, na mfuko wowote kwao ni mwaliko. Mandazi niliyobeba siku moja sikuyaonja. (Wanaowalisha ndizi kwa ajili ya picha, tafadhali acheni, mnatuletea taabu sisi tunaokuja baadaye.) Aprili udongo mwekundu huteleza, hasa ukishuka kuelekea mtoni, kwa hivyo raba nyeupe zibaki nyumbani. Ulizia kiingilio kabla ya kutoka, maana hubadilika.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya Jumapili alasiri. Vikundi vya maombi, maharusi na wapiga picha wao, spika za kubebeka, watoto wakicheza mpira: kila mtu ana haki ya kuwapo, ila usitarajie kusikia ndege. Siku ya kazi, saa mbili asubuhi, ni mahali tofauti kabisa. Ukitokea katikati ya jiji unaweza kwenda kwa miguu kupitia State House Road, na ukiwa na darubini ndogo ibebe, kwa sababu mambo mengi hutokea juu kwenye vilele.