Niliingiza "Glasgow" kwenye mbio za mabuli, Lincoln: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ya tamasha nililokwenda, maana najua wengi wenu mnasoma aya ya kwanza tu na kupita: nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeukatia mlima. Mji wa Lincoln, Uingereza, una barabara iitwayo Steep Hill, na walioipa jina hilo, yaani mlima mkali, hawakutia chumvi. Mimi niliupanda nimevaa koti la sufi la mitumba mwezi wa Agosti, mkononi nimepakata boksi lenye buli la kaure juu ya magurudumu manne. Kila hatua tatu binti yangu ananiuliza, "Baba, halijapasuka?"

Tamasha lenyewe linaitwa Asylum. Jina linatokana na The Lawn, jumba la kando ya ngome ya Lincoln lililofunguliwa mwaka 1820 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Linafanyika tangu 2009, wikiendi ile ya sikukuu ya mwisho wa Agosti, na ni la watu wa stimpanki. Kwa asiyejua: chukua dunia ya zama za Malkia Victoria, mvuke na shaba na saa za mfukoni, kisha ujifanye kwamba petroli haikugunduliwa na kila kitu, hadi ndege na simu, kinaendeshwa kwa mvuke. Neno lilizuliwa mwaka 1987, mwandishi mmoja wa Marekani akitania aina ya hadithi alizokuwa akiandika yeye na wenzake, likashika. Sasa watu wazima na akili zao wanashona makoti, wanabandika gia kwenye kofia ndefu, wanavaa miwani kama ya fundi wa kuchomelea, na wanaamkiana kwa kuinamishiana vichwa. Kutembea mitaani na kuwatazama hakuna anayekudai senti. Ya ndani mengi yanataka ununue mkanda wa mkononi.

Mimi nilifuata mbio. Mbio za mabuli ni hivi: unachukua gari la kuchezea la rimoti, unavua bodi lake, unapachika buli la chai, unalipamba utakavyo, kisha unaliendesha kwenye njia yenye vikwazo. Kuna kona za kuzunguka vikombe, kuna daraja la mbao la kupanda na kushuka, kuna kijilango cha kupita chini yake. Mnakwenda mmoja mmoja, saa inahesabu, na watu wanakutazama wewe kama wanavyolitazama buli. Mchezo huu ni maarufu vilevile Oamaru, kule New Zealand, mji mwingine uliojaa majengo ya mawe ya enzi hizo na watu wasioogopa kuchekwa.

Sisi tuliokulia uswahilini mchezo huu hatuhitaji kufunzwa. Nimetengeneza magari ya waya na makopo nikiwa darasa la pili, magurudumu ya ndala zilizokwisha, na nimechapwa kwa kukata ndala ambazo hazijesha. Kwa hiyo niliingia kwa kiburi. Kiburi kilinitoka wiki ya kwanza.

Gari la rimoti nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji. Aliandika "limetumika kidogo", likaja betri haishiki chaji dakika nne. Nikabadilisha betri, tatizo likahamia kwenye usukani: kushoto linakata vizuri, kulia linafikiria kwanza. Buli nililitoa kabatini kwangu, lile la maua ya waridi tuliloletewa na mama alipokuja kututembelea. Hapo nilikosea mara mbili. Kwanza, kaure ni nzito. Lile buli tupu lilipita gramu 800 kwenye mizani ya jikoni, na gari lile lilitengenezwa kubeba bodi la plastiki. Pili, mama aliona picha. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nao ulianza hivi: "Mwanangu, buli zima? La wageni?"

Gundi niliogopa, maana nilijua itabidi buli lirudi kabatini. Nikakata kipande cha godoro la sponji, nikalikalisha buli juu yake, kisha nikalifunga kwa vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme, viwili chini ya mdomo na viwili chini ya mkono. Usikaze sana. Kikamba cha kwanza nilikaza mpaka nikasikia "tii" ndogo, na ukiangalia vizuri karibu na mkono kuna ufa kama unywele ambao mama hajauona na wala hautamfikia kupitia kwangu.

Halafu jina. Wenzangu walikuja na maputo ya anga, pweza, kasri, cherehani inayotembea. Mimi nilitengeneza meli. Milingoti mitatu ya vijiti vya mishikaki, bomba la moshi la kopo la nyanya, na bendera nyekundu isiyo na kitu, niliyoikata kwenye pindo la kanga. Ubavuni binti yangu akaandika kwa rangi ya dhahabu: GLASGOW.

Watu waliona jina wakadhani nimetokea Scotland. Glasgow ilikuwa meli ya Sultani wa Zanzibar. Sayyid Barghash aliitengenezesha Uingereza miaka ya 1870, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo, na ikatia nanga mbele ya Forodhani. Ukiniuliza mimi, Barghash ndiye mtu wa stimpanki wa kweli tuliyewahi kuwa naye: mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, yenye nguzo za chuma na baadaye taa za umeme, mji mzima ukaenda kushangaa. Glasgow ilizama asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoipiga kasri ya Sultani kwa mizinga kwa dakika 38, wengine wanasema 45. Ilikaa kina kifupi, milingoti ikabaki nje ya maji miaka na miaka, watu wanapita na mashua wanaiona, hadi mwaka 1912 ilipovunjwa kwa chuma chakavu.

Mwaka niliokwenda mimi, 2023, Jumapili ya tamasha iliangukia tarehe hiyohiyo, 27 Agosti. Sikuipanga. Niliigundua nikiwa kitandani kwenye nyumba ya wageni, nikatabasamu peke yangu gizani.

Nilitaka meli itoe moshi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kijiti cha udi ndani ya buli ili moshi utoke mdomoni, ukumbi mzima unukie kama harusi. Niliuliza kwanza, nikaambiwa kwa adabu kwamba moto ndani hapana. Haki yao. Nikasokota pamba nikaichomeka kwenye mdomo wa buli, na kwa mbali ilipendeza.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa kuwa mtaliona mkienda. Ukivaa zama za Victoria, unavaa pia zama za ukoloni. Nilihesabu wanaume saba kwa siku moja waliovaa zile kofia ngumu nyeupe za mabwana shauri. Kwao ni vazi la mgunduzi wa hadithi. Kwangu ni picha ya ukutani kwa babu, ya mtu aliyekaa kwenye kiti huku wengine wote wamesimama. Sikukasirika, lakini sikujifanya sioni. Mmoja wao alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya mbio, akageuka, akauliza kwa nini Glasgow. Nikamweleza yote, na dakika 38 zake. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaivua kofia akaikumbatia kwapani, akainama kuitazama milingoti kwa karibu.

"Kwa hiyo ilizama?"

"Leo bado," nikamwambia.

Basi zamu yetu ikafika. Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti chenye umbo la baragumu, akatamka Zanzibar vizuri kuliko nilivyotegemea, watu wakapiga makofi. Nikaondoka. Vikombe vya kwanza nilivizunguka safi, kushoto, kushoto tena. Kikombe cha tatu kilitaka kulia. Usukani ukafikiria. Nilipobonyeza zaidi ukakata wote kwa mara moja, na kwa kuwa uzito wa kaure ulikuwa juu na magurudumu yamekaribiana, Glasgow ikalala ubavu taratibu kabisa, kama ng'ombe anayekaa chini. Kifuniko kikatoka kikabingirika hadi miguuni kwa mama mmoja aliyevaa koseti, akakidaka kwa kiatu. Ukumbi mzima ukatoa lile "ooo" la msiba. Halikuvunjika. Mlingoti wa mbele ndio uliokatika.

Nikaruhusiwa kuisimamisha. Nilifunga kifuniko kwa raba ya nywele za binti yangu, nikapanda daraja kwa kurudi nyuma mara mbili, nikamaliza. Muda wangu siutaji.

Aliyeniteka moyo ni mzee mmoja mwenye buli la shaba lililong'arishwa mpaka unaona ndevu zake ndani yake. Juu yake kulikuwa na ufunguo mkubwa kama wa saa ya ukutani, unazunguka bila kuendesha chochote. Buli lake lilikwenda mwendo wa kobe. Katikati ya njia akalisimamisha, akatoa leso, akalipangusa vumbi, akaiweka leso mfukoni, akaendelea. Saa inakimbia! Hakuna aliyekuwa akiitazama. Alishangiliwa kuliko wote waliokimbia, na hapo nikaelewa kosa langu: nilikuja kushindana na saa.

Siku hiyohiyo kuna pambano la kuchovya biskuti kwenye chai: mnachovya pamoja kwa kuhesabiwa, anayechelewa zaidi kula bila biskuti kumkatikia ndiye mshindi. Mtu aliyelelewa kwa kuchovya mahamri nilijiona bingwa tayari. Yangu ilikatika shingoni, nusu kikombeni, nusu kwenye koti.

Kama mnataka kwenda na buli lenu, chukueni la bati au la alumini, duka la hisani mtalipata kwa pauni mbili tatu. Magurudumu yatanuliwe, betri ikae chini kabisa, na mjaribu kona zote mbili nyumbani kabla ya safari. Bebeni betri ya akiba, bisibisi na vikamba vya ziada. Mimi niliazimwa vyote na watu nisiowajua, mmoja akaniazima na goti lake niegemeze meli wakati nafunga. Fikeni mapema mkae mbele, hasa mkiwa na watoto na mkiwa wafupi kama sisi. Na koti la sufi acheni nyumbani.

Tumeshaanza matengenezo. Binti yangu anasema milingoti tuiondoe yote, kwa kuwa ndiyo inayopandisha uzito na kutuangusha. Kwa hesabu ana haki. Nimemkatalia. Glasgow bila milingoti nani ataijua?